SOMO: KUMSAIDIA MTOTO ALIYEBEBA KIWEWE CHA VITA

Neno: 1 Wafalme 19:1-8



Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, wengi wetu hapa Nyakabanda tulikesha tukisikiliza habari za ndugu zetu kwenye simu. Watoto nao walisikia. Wengine wao waliwahi kukimbia risasi. Wengine wanaijua vita kwa vilio vya wazazi tu. Asubuhi walivaa sare wakaenda shule. Lakini kuvaa sare si kupona.

Tumtazame Eliya. Yezebeli alikuwa ameua manabii, naye akaapa kumwua yeye. Eliya akakimbilia jangwani, akaomba afe. Mungu hakumkemea. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, huko Horebu. Hili ndilo fundisho letu: mwili utulizwe kwanza, maneno yatafuata.

Dalili zake

Mtoto hushtuka mlango ukigongwa. Huota ndoto mbaya, hukojoa kitandani ingawa alikwisha kuacha, huumwa tumbo saa ya kwenda shule, husahau masomo, hugombana au hunyamaza kabisa. Wenyeji wetu wanajua jambo hili; kwa Kinyarwanda huliita ihahamuka. Mwaka 1995, miezi kama 13 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watafiti waliwahoji watoto 3,030 wa Rwanda wenye miaka 8 hadi 19. Kama 90 kwa mia waliamini wakati ule kwamba wao wenyewe wangekufa. Basi mtoto wetu si mwendawazimu, wala si wa kwanza.

Tufanye nini?

1. Tumrudishie utaratibu. Ale, alale na aende shule kwa saa zile zile. Mtoto aliyepoteza kila kitu hutulia akijua kesho itakuwaje.

2. Tusimlazimishe kusimulia, wala tusimnyamazishe. Akisema, tusikilize mpaka mwisho. Wadogo waachwe wacheze na kuchora.

3. Tusimpige wala kumwaibisha kwa kukojoa kitandani. Na tusikimbilie kusema ana pepo. Tumwombee kwa upole, bila kelele za kumwogopesha.

4. Tusimwonyeshe picha za maiti zinazotumwa kwenye simu. Habari za vita tuzizungumze akiwa hayupo.

5. Tumweleze mwalimu wake kwa siri, ili asimhesabu kuwa mvivu au mkaidi.

6. Dalili zikizidi mwezi mmoja, tumpeleke kituo cha afya. Akisema anataka kufa, tusingoje hata siku moja. Kigali ina hospitali ya Ndera inayotibu magonjwa ya akili. Kwenda kwa daktari si kukosa imani. Mkate wa Eliya nao ulitoka kwa Mungu.

Mzazi naye asijisahau. Mama asiyelala hawezi kumtuliza mtoto asiyelala. Tutembeleane.

Maswali ya kujadili

– Kwa nini Mungu alimlisha Eliya kabla ya kumwuliza neno?
– Nyumbani kwetu, ni saa ngapi mtoto hupata mtu wa kumsikiliza?
– Ni mtoto gani jirani aliyebadilika, na nani atamtembelea wiki hii?

Tuombe: Bwana, utupe mikono yenye upole kama ya malaika wako. Amina.