Mizani Haisemi Yote: Lishe ya Mgonjwa wa Mshtuko wa Moyo

Mimi nasoma ualimu wa Baiolojia, siyo udaktari. Lakini nikiandaa somo la lishe kwa ajili ya mafunzo ya vitendo, nimekutana na swali linalotuhusu sote wenye wazee nyumbani: je, mtu mnene anaweza kuwa na utapiamlo? Jibu ni ndiyo. Na kwa aliyepata mshtuko wa moyo, lishe duni huendana na hatari kubwa zaidi ya kufariki.

Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaolisha msuli wa moyo unapoziba, sehemu ya msuli ikakosa oksijeni na kufa. Kupona kunahitaji protini. Mizani inapima kilo tu. Haitenganishi mafuta na misuli.

Ndiyo maana watafiti hutumia pia vipimo vya damu. Kimoja, kilichotolewa Japani mwaka 1984, hata kidato cha tatu watakielewa: zidisha albumini (gramu kwa desilita) kwa 10, kisha jumlisha limfosaiti (idadi katika milimita moja ya ujazo) mara 0.005. Tuchukue wagonjwa wawili wa mfano, kila mmoja kilo 85. Wa kwanza ana albumini 4.2 na limfosaiti 2,000: 42 + 10 = 52. Wa pili ana 3.0 na 1,400: 30 + 7 = 37. Kilo zilezile, akiba tofauti kabisa.

Ila tusikurupuke. Albumini hushuka pia mtu akiwa na ugonjwa wa ini au figo, au mwili ukiwa vitani na ugonjwa wowote mkali. Alama ndogo ni kengele, siyo hukumu.

Je, kumlisha mgonjwa kwa mpango kunasaidia? Jaribio la Uswisi lililochapishwa 2019 lilifuata wagonjwa 2,088 wa magonjwa mbalimbali waliokuwa kwenye hatari ya utapiamlo. Waliopangiwa lishe kila mtu kwa mahitaji yake, walifariki kama 7 kati ya 100 ndani ya siku 30. Waliokula chakula cha kawaida cha hospitali, 10.

Sasa twende nyumbani. Mzee ameambiwa apunguze chumvi na mafuta, basi wapo wanaomwondolea na samaki, na maharage, anabaki na uji mweupe. Kupunguza chumvi siyo kumnyima protini. Kwa hiyo siku ya kliniki, kabla hamjampongeza kwamba amepungua, mwulizeni daktari: kilichopungua ni mafuta au ni misuli?