Siri ya Roswell

Swali: Kama wageni kutoka anga za mbali hawakufika, kwa nini Marekani ilificha habari za Roswell?

Jibu: Siri ilikuwepo, ila haikuwa ya wageni. Julai 1947 jeshi lilitangaza kuwa limepata kisahani kinachoruka karibu na mji wa Roswell, kisha upesi likasema ni puto la hali ya hewa. Hapo napo lilificha. Mabaki yaliyookotwa yalitoka kwenye mradi wa Mogul, maputo yaliyobeba vinasa sauti vya kusikiliza, kutoka mbali, milipuko ya nyuklia ya Wasovieti. Ukweli ungetajwa, Moscow ingejua inasikilizwa. Hilo naweza kulielewa. Nisichokubali ni kwamba Jeshi la Anga lilikuja kueleza mwaka 1994, wakati vitabu na filamu zilikwisha kuwajibu wananchi kwa niaba yake.