Tovuti Haifunguki kwa Waifai ya Nyumbani? Fuata Hatua Hizi

Wananchi wengi hugundua kwamba tovuti haifunguki siku ile wanayoihitaji zaidi, kama vile tarehe 30 Juni, makataa ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA. Ujumbe wa WhatsApp unaingia, video zinacheza, lakini ukurasa huo mmoja haufunguki. Mtu binafsi anayechelewa kuwasilisha ritani anaweza kutozwa faini ya Sh2,000 au zaidi, kwa hivyo ni vyema kujua pa kuanzia.

Kizuizi kinaweza kuwa mahali panne: kwenye tovuti yenyewe, kwenye simu au kompyuta yako, kwenye ruta, au kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Hatua hizi zitakuonyesha ni wapi.

1. Hakikisha anwani ni sahihi. Herufi moja ikikosewa, hutafika. Tovuti za serikali ya Kenya huishia kwa .go.ke, kwa mfano itax.kra.go.ke. Andika anwani mwenyewe badala ya kubonyeza kiungo ulichotumiwa.

2. Zima waifai, utumie data ya simu. Ikiwezekana, tumia laini ya kampuni tofauti na ile ya waifai yako. Tovuti ikikataa hata hapo, huenda iko chini au imelemewa na watumiaji. Jaribu tena baadaye, hasa alfajiri. Ikifunguka, kamilisha shughuli yako ya dharura kwanza, kisha urudi kutafuta hitilafu.

3. Jaribu kifaa kingine kwenye waifai hiyo hiyo. Kikifungua, tatizo liko kwenye kifaa chako. Angalia tarehe na saa, kwa kuwa zikiwa na makosa, kivinjari hukataa tovuti salama. Zima VPN na programu za kuzuia matangazo, halafu ufute data ya kivinjari iliyohifadhiwa.

4. Vifaa vyote vikikataa, angalia ruta. Ichomoe kwenye umeme, usubiri sekunde 30, uiwashe tena. Usibonyeze kile kitufe kidogo cha ndani kinachohitaji pini, kwani hufuta mipangilio yote. Kama bado haifunguki, ingia kwenye ruta kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Anwani na nenosiri la kuanzia kwa kawaida huwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Tafuta sehemu ya udhibiti wa wazazi, uone kama tovuti hiyo imeorodheshwa miongoni mwa zilizozuiwa.

5. Badilisha DNS. Hii ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa nambari ambayo kompyuta hutumia kuifikia. Ikiharibika, jina halipatikani ingawa tovuti ipo. Kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta yako, andika 8.8.8.8 au 1.1.1.1, kisha ujaribu tena. Nakili kwanza nambari zilizokuwepo ili uweze kuzirudisha.

6. Pigia simu kampuni ya intaneti. Waeleze ni tovuti gani, saa ngapi, ujumbe gani ulitokea, na kwamba inafunguka kwa mtandao mwingine. Piga picha ya skrini kama ushahidi. Malalamishi yako yasiposhughulikiwa, una haki ya kuyawasilisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Tahadhari

Kivinjari kikikuonya kwamba tovuti si salama, na tarehe ya kifaa chako ni sahihi, usilazimishe kuingia wala kuandika nenosiri au nambari ya kitambulisho. Huenda ni tovuti bandia. Pia, epuka VPN za bure usizozijua, kwa sababu mwenye VPN ndiye anayepitisha mawasiliano yako yote.

Si kila kizuizi ni hitilafu. Kama ruta ni ya mwenye nyumba, jirani au shule, huenda tovuti ilizuiwa kwa makusudi. Zungumza na mwenyewe kabla ya kubadilisha chochote.

Ukishindwa kabisa na makataa yamekaribia, tembelea Huduma Centre iliyo karibu nawe ukiwa na kitambulisho chako. Usingoje siku ya mwisho, maana siku hiyo foleni huwa ndefu mtandaoni na mlangoni.