Amana si dhamana

SWALI: Mimi ni mkulima wa zabibu, Hombolo, Dodoma. Benki inataka dhamana ili inikopeshe. Jirani anasema ni sawa na amana. Je, nikiwapa hati ya shamba, nimeweka amana?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na tofauti hiyo inaweza kukugharimu shamba. Yote mawili ni maneno ya Kiarabu, ila mizizi yake ni tofauti. Amana ni ndugu wa amani, imani na kuamini: ni mali uliyomkabidhi mtu akutunzie, nayo hubaki yako. Fedha za akaunti yako ni amana, na benki ikifilisika kuna Bodi ya Bima ya Amana ya kukufidia, kwa kiwango kilichowekwa.

Dhamana ni ndugu wa mdhamini, yaani anayebeba wajibu. Ndiyo humtoa mtuhumiwa rumande. Kwako, hati inaiambia benki: nisipolipa, uza. Ila ukinunua dhamana za Serikali kupitia Benki Kuu, mkopeshaji ni wewe.

Kabla ya kusaini, muulize ofisa mikopo: nikichelewesha rejesho, mtanipa notisi ya siku ngapi kabla ya kuuza? Jibu lake ulisome ndani ya mkataba wenyewe.