KWA NINI MRIJA WA UMIO HUTELEZA?

Likizo ya mwaka jana nilimkuta babu yangu hawezi kumeza ugali. Baada ya siku chache hata uji ulimshinda. Hospitalini alionekana ana saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula itokayo kooni mpaka tumboni, ambayo kwa mtu mzima urefu wake ni kiasi cha sentimita 25. Akatiwa mrija uitwao stenti, naye akaweza kunywa uji tena. Lakini baada ya majuma machache mrija ule uliteleza ukashuka tumboni. Nalimwuliza Bwana Daktari sababu yake. Kwa kuwa maradhi haya ni mengi katika Afrika Mashariki, naona yafaa niwaeleze wenzangu niliyojifunza.

Zamani mirija hiyo ilikuwa ya plastiki ngumu. Tangu miaka ya 1990 hutumika zaidi ile iliyosukwa kwa waya wa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani. Hukunjwa ikawa nyembamba, ikapitishwa kooni, na ikifunguliwa hutanuka yenyewe, kwa kawaida kufikia upana wa milimita 18 hadi 23.

Basi, umio si kama bomba la maji lililotulia. Misuli yake hukaza na kulegea kama mawimbi, ikisukuma chakula chini, na mrija nao husukumwa pamoja nacho. Sisi tusomao fizikia twajua kwamba kitu husimama mahali pake ikiwa msuguano washinda nguvu inayokisukuma. Msuguano huongezeka nyuso zikigandamizana zaidi, au zikiwa na mikwaruzo. Kwa hiyo watengenezaji wana njia tatu.

Ya kwanza ni kuongeza upana na nguvu ya kutanuka. Mrija mpana hushika zaidi, lakini ukizidi huleta maumivu, na pengine hutoa damu au hutoboa umio.

Ya pili ni kupanua ncha zake kama mdomo wa tarumbeta, ili zisipite kwa urahisi palipo pembamba.

Ya tatu ndiyo yenye mashaka zaidi, nayo ni gamba. Mrija wa waya mtupu hushika sana, kwa sababu nyama huota ikaingia katika matundu yake. Lakini uvimbe nao huingia humo humo, ukaziba njia tena. Mrija uliofunikwa wote kwa silikoni huuzuia uvimbe, tena waweza kutolewa. Bali kwa ulaini wake huteleza. Kweli, mshika mawili moja humponyoka! Ndiyo maana imetengenezwa mirija iliyofunikwa katikati tu, ncha zikaachwa wazi zishikwe na nyama, na mingine yenye gamba ndani na wavu wa waya nje.

Mahali pia pana kazi yake. Uvimbe ukiwa pale umio unapoungana na tumbo, ncha ya chini huning'inia tumboni bila kugusa ukuta wowote, na mrija huteleza upesi zaidi. Vilevile uvimbe ukipungua kwa matibabu, kile kilichoubana mrija hulegea. Madaktari wengine huufunga kwa vibanio vidogo au kwa kuushona.

Babu alikuwa na uvimbe wa pale chini, na mrija wake wa kwanza ulikuwa umefunikwa wote. Wa pili ulikuwa na ncha wazi, nao haukuondoka. Alifariki miezi mitano baadaye, lakini hakufa kwa njaa. Jioni ya mwisho alikunywa uji kikombe kizima.

Mrija hauponyi saratani. Hufungua njia tu. Kwa hiyo, wazazi na wenzangu, mtu akianza kukwamwa na chakula, asingoje mpaka uji umshinde. Na aende hospitali mapema.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne