Kumpokea Mbwa Mzee

Katika somo letu la mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulifanya bila kulifikiri, nalo ni kumpokea nyumbani mbwa aliyekwisha kukua, tena pengine mzee, aliyelelewa na watu wengine. Tutataja faida zake. Lakini tutakaa zaidi kwenye hatari yake, maana hatari hiyo huua, na mara nyingi wanaouawa ni watoto.

Katika miji mikubwa ziko nyumba maalumu za kutunzia wanyama wasio na wenyewe. Huko Nairobi kiko chama kiitwacho KSPCA, ambacho asili yake ni mwaka 1910. Mtu akitaka mbwa huenda pale akachagua, naye huulizwa maswali: je, una ua? Una watoto wadogo? Nani atabaki nyumbani mchana? Mbwa huchanjwa, madume huhasiwa na majike hufungwa uzazi, ndipo hutolewa. Hapa Kilosa na Mikumi hatuna nyumba ya namna hiyo. Kwetu sisi mbwa mzee hutoka mkononi mwa mtu mmoja akaingia mkononi mwa mwingine, au huachwa tu.

Miji yetu ni ya watu wa kuja na kuondoka. Wako watumishi wa serikali na wa reli, wako walimu, wako wakata miwa wa Ruhembe wanaokuja kwa msimu, wako wenye vibanda kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia. Sisi tuliofanya kazi katika vyuo vya ualimu tumeliona jambo hili mara nyingi. Barua ya uhamisho inafika, lori linaletwa, vitanda vinapakiwa, hata kuku wanafungwa miguu na kupandishwa. Mbwa hapandishwi. Hulifuata lori hadi njia panda, kisha hurudi akalala kwenye ngazi za nyumba iliyofungwa, na anapoingia mpangaji mpya hufukuzwa kwa mawe katika nyumba ambayo ameilinda miaka saba. Hatusemi kwamba wanaoondoka ni watu wabaya. Lori ni dogo na safari ni ndefu. Lakini kumtafutia mbwa mtu wa kumwachia ni kazi ya jioni moja, na wengi hawaifanyi.

Mwisho wa mbwa aliyeachwa wajulikana. Huzurura sokoni na machinjioni, huzaa vichochoroni, kisha watu wakilalamika huwekewa sumu au hupigwa risasi. Wako wanaodhani kwamba kuwaua mbwa kutamaliza kichaa cha mbwa. Sivyo. Wakiuawa mia, nafasi yao huchukuliwa na wengine wasiochanjwa, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo waliochanjwa. Wataalamu wa afya ya dunia wanasema dawa ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Basi kila mbwa mzee anayepata nyumba na sindano anahesabiwa katika hao 70.

Watu wengi hupenda mbwa mtoto kwa sababu ya ile methali ya samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumefundisha miaka mingi, watoto na watu wazima, na methali hiyo tumeitumia sana, lakini haina haja ya kutumiwa kila mahali. Elimu ya watu wazima imewafundisha kusoma wazee wa miaka sitini. Mbwa naye ni hivyo: aliyekomaa hujifunza jina jipya na mlango mpya, mradi afundishwe na mtu mmoja, kwa maneno yale yale, bila fimbo. Tena watoto wa mbwa wengi hufa kabla ya kutimiza mwaka, lakini mbwa mzima umekwisha kumwona alivyo. Ukubwa wake waujua, na kama ni mkali au mpole waweza kuuliza.

Umri wake utaujuaje? Tazama meno. Mbwa mzima ana meno 42, nayo yote huwa yameota anapofikia miezi saba hivi. Kwa mwaka mmoja au miwili huwa meupe. Baadaye magego huota ugaga wa manjano, kisha meno ya mbele huanza kuwa butu. Mbwa aliyezoea kutafuna mawe na mifupa hudanganya kidogo, kwa hiyo tazama na mvi za mdomoni. Macho yenye ukungu wa buluu si lazima yawe mapofu, hiyo ni kawaida ya uzee. Ila mboni ikiwa nyeupe kama maziwa, haoni sawasawa. Piga makofi nyuma yake ujue kama anasikia. Jambo hili la masikio si dogo, maana mbwa asiyesikia akiguswa usingizini hushtuka na kuuma. Watoto waambiwe: mbwa aliyelala haguswi.

Sasa tuje kwenye kichaa chenyewe. Ugonjwa huu hukaa katika mate. Kirusi huingia kwa jeraha, kikapanda polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na dalili zikisha kutokea kwa mtu karibu hakuna anayepona. Duniani hufa watu wapatao 59,000 kila mwaka, na katika kila 10 wanne ni watoto chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Lakini ugonjwa huu huzuilika. Tarehe 6 Julai 1885 huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja kijana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na ndiyo sababu siku hiyo imewekwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Mbwa mzee anayehama nyumba ana hatari ya namna yake, na hapa twaomba msomaji asome polepole. Kwanza, ugonjwa waweza kukaa ndani ya mbwa majuma mengi, pengine miezi, kabla haujaonekana. Ukimchanja mbwa ambaye ameumwa tayari, sindano yaweza isimwokoe. Kwa hiyo hata akiwa na afya njema siku unayomchukua, mchanje, kisha mweke ndani ya ua umtazame kwa miezi kadhaa. Usimwachie kucheza na watoto siku ya pili. Pili, kuna kichaa cha ukali, ambacho kila mtu anakijua, na kuna kichaa cha upole. Katika hiki cha upole mbwa hafukuzi mtu. Hujificha gizani, taya hulegea, udenda hutoka, sauti hukwama, miguu ya nyuma hukosa nguvu. Mwenyewe husema, "Ni uzee huo," au hudhani mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kinywani autoe. Mtu wa namna hiyo amekwisha kugusa mate. Mbwa mzee akibadilika ghafla, mfungie mahali pamoja, usimshike, mwite Bwana Mifugo wa kata.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe mara ile ile kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa, si kwa kukisia. Asipakwe pilipili wala majivu wala dawa ya mganga. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, na amalize sindano zote hata kama kidonda kimepona. Mbwa mwenyewe, kama anapatikana, asiuawe upesi. Afungiwe na kutazamwa siku kumi. Akiwa na kichaa, kwa kawaida atakufa au kuonyesha dalili katika siku hizo. Lakini mtu asizingoje hizo siku ndipo aende hospitali.

Wasomaji wanakumbuka mbwa waliolamba vidonda vya Lazaro katika Luka sura ya 16. Walimhurumia kuliko tajiri, hilo ni kweli, ila mtoto asiachwe alambwe kidonda. Mate kwenye ngozi iliyochubuka ni njia mojawapo ya ugonjwa huu.

Kwa wenzetu wa Mikumi kuna neno la ziada. Hifadhi yetu imekuwapo tangu 1964, na mbwa wa nyumbani haruhusiwi kuingia humo. Muulize anayekupa mbwa: je, alikuwa wa kuwindia? Mbwa aliyezoea mawindo, hata akiwa na mvi, akisikia harufu ya swala usiku atatoka, na akipona magari ya barabarani ataingia porini. Anachokipeleka huko ni kikubwa kuliko yeye. Mwaka 1994 katika Serengeti ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua simba wapatao 1,000, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa pale. Miaka michache kabla ya hapo, kichaa kilikuwa kimewapata mbwa mwitu wa huko huko. Mikumi nayo ina simba na mbwa mwitu. Basi mbwa wa kuwindia na achukuliwe na mtu wa Kilosa mjini mwenye ua mzuri. Mwenye nyumba kando ya pori amwache.

Majuma ya kwanza nyumbani ni ya uvumilivu. Mbwa atalia usiku, atataka kurudi kwao, pengine atakataa chakula siku mbili. Mfunge kwa kamba ndefu kivulini penye maji. Zungumza na majirani mapema, hasa ndugu zetu Waislamu, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Tumeona ujirani wa miaka mingi ukiharibika kwa sababu ya mbwa aliyeingia baraza ya mtu wakati wa kutawadha. Meno yakiwa butu, ugali wake ulainishwe kwa mchuzi wa dagaa usio na vitunguu, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa hupasuka na kuchoma matumbo. Matumbo mabichi ya machinjioni asipewe, yana minyoo ambayo humrudia mtu. Kupe watolewe kila juma. Akiugua zaidi ya uwezo wa Bwana Mifugo, iko hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro.

Na ikiwa barua ya uhamisho itakufikia wewe, mwachie anayempokea karatasi. Si lazima iwe na muhuri. Iandikwe jina analoitikia, umri wa kukisia, tarehe ya chanjo ya mwisho na jina la aliyemchanja, kama amepata kuuma mtu, kama anaogopa radi, anakula nini, na kama amezoea kufungwa. Tena mkabidhi mwenyewe kwa mkono wako, siku mbili au tatu kabla ya lori kuja, ili asilione likiondoka.