Pombe ya ujanani huacha alama ubongoni
"Daktari, kijana wangu aliacha pombe, mbona bado ana wasiwasi?" Wazazi wengi huniuliza hivyo.

Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi. Pombe nyingi kabla ya hapo huweza kugeuza alama za kemikali zinazowasha na kuzima jeni, bila kubadili jeni zenyewe.

Mwaka wa 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, walichunguza panya waliopewa pombe walipokuwa wakibalehe. Walipokomaa, jeni iitwayo Arc ilikuwa imefifia katika sehemu ya ubongo inayosimamia hofu. Walijaa wasiwasi na kutaka pombe zaidi. Alama ziliporekebishwa, hali hiyo ilipungua.

Tiba hiyo haijafika kwa binadamu. Basi mzazi, usimwonjeshe mtoto pombe hata kwenye sherehe. Akiwa ameshaanza, usimfiche. Mpeleke kwa daktari mapema.